Shamba la Luqman

Kila asubuhi Mzee Faki akitoka msikitini hakuanza kwa chai. Alipita nyuma ya nyumba, akachukua ufagio wake wa njukuti za makuti, akashika njia ya shambani. Mkewe, Mwanasaumu, alikwisha kuzoea kutomngoja. Chupa ya chai na mahamri vilikaa mezani vimefunikwa hadi jua lilipopanda juu ya mapaa ya Mtongwe.

Hakwenda kulima. Magoti yalikwisha kulikataa jembe, na kifua nacho kilikuwa na maneno yake. Alikwenda kufagia. Aliokota makuti yaliyodondoka usiku, akayalaza pamoja. Alikusanya vidaka, vile vinazi vichanga vinavyoanguka kabla ya wakati. Mwisho alifagia duara moja tupu katikati ya minazi, taratibu, hadi pakawa peupe kama ukumbi wa nyumba.

Katika duara hilo ulikuwepo mnazi wa mwanawe, Luqman. Ulipandwa siku kilipozikwa kitovu chake, kama walivyofanyiwa watoto wote wa ukoo huo. Miaka ya karibuni wadudu wa chonga waliutoboa kichwani, ukakauka, ukaanguka. Mzee Faki hakupanda mwingine. Mkono wa kupanda hapo, alisema, ni mkono wa mwenyewe, na mwenyewe atakuja. Mwenyewe alikuwa karani kwenye yadi ya makontena, akikaa Chaani na mkewe na watoto, na ndevu zake zilikwisha kuingia mvi.

Asubuhi hiyo katikati ya duara palikuwa na kitu. Mzee Faki alidhani ni kuti limejisimamisha kwa upepo. Alisogea. Ulikuwa mche wa mnazi, majani matatu ya kijani, umezungushiwa uzio mdogo wa makuti ili mbuzi wasiufikie. Udongo wake ulikuwa bado una maji.

Ufagio ulimtoka mkononi.

"Huyo mwanamke yuwapi?" alipiga kelele, na hapakuwa na mtu wa kumjibu, ila kunguru.

Mwanamke huyo ni Mwende, Mkamba wa Makueni, aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao na kukaanga viazi kando ya njia kila jioni. Tangu vuli iliyopita alikuwa akilima upande wa chini wa shamba, na sehemu ya mavuno akimletea Mwanasaumu. Ni Mwanasaumu aliyemwombea. Mzee Faki alikataa, akanuna siku kadhaa, kisha akakubali shingo upande kwa sharti moja: vitu vya msimu tu. Mahindi, kunde, mchicha. Hakueleza kwa nini. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa wazi kama adhana, na adhana haielezwi.

*

"Mwanamke amepanda mti kwenye shamba langu!" Alikuwa bado kizingitini, viatu miguuni.

Mwanasaumu alikuwa akichambua kunde kwenye ungo, kunde za Mwende. Aliuweka ungo chini polepole. "Mti gani?"

"Mnazi. Na mahali penyewe ni pa Luqman."

"Subhanallah." Alipangusa vidole. "Labda hakujua, Baba Luqman. Wa bara hawajui mambo yetu."

"Asiyejua huuliza. Babangu alipoteza upande mzima wa kule bondeni kwa mikanju minne. Mikanju minne tu! Mtu alikaribishwa alime mtama, akapanda mikanju, akafa, watoto wake wakaja kuchuma korosho. Mpaka leo kuna nyumba pale, na si zetu."

"Naijua hadithi hiyo. Nimeolewa nayo."

Mzee Faki alimtazama aone kama anachekwa. Mwanasaumu alikwisha kurudi kwenye kunde zake.

Mwende alipoitwa alikuja mbio, mikono imejaa unga wa viazi. Alijifuta kwenye kanga, akasimama mlangoni asiingie.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Faki hakuitikia. Katika mtaa ule mtu mzima kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani ni tusi zito kuliko kofi. Mwende alilielewa. Uso wake ulibadilika.

"Mnazi ule umeupanda wewe?"

"Ndiyo, Mzee." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Niliona unapafagia kila siku na hapana kitu. Nikaona nazi imeota yenyewe karibu na mtaro. Nikasema nikupandie. Sijakupa asante tangu unipe shamba."

"Nilikwambia vya msimu."

"Vyangu, Mzee. Vyangu ni vya msimu. Huo si wangu, ni wako."

"Mti ni wa mkono uliopanda!"

Mwende aligeuka kumtazama Mwanasaumu, kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha nyingine akatafuta mkalimani. Mwanasaumu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Utatoka shambani," Mzee Faki alisema.

"Na mahindi, Mzee? Ndiyo yanatoa mbelewele, hayajabeba."

*

Habari ilifika kwa Kiponda, mzee wa mtaa, kabla ya adhuhuri. Alisema watu wakutane barazani kwake Jumapili, na Luqman aitwe, maana shamba husemwa kuwa lake na hajawahi kusikika akilisemea.

Jumapili asubuhi, huko Chaani, Jalila alikuwa akimpigia mumewe kanzu pasi.

"Leo utamwambia?"

"Nitamwambia nini?"

"Kwamba hulimi. Luqman, hata mchicha nilioupanda kwenye debe ulishindwa kuunywesha, na bomba liko hatua mbili."

Luqman alicheka. "Yule ni babangu, Jalila."

"Ndiyo maana umwambie. Angekuwa mtu baki ningesema mdanganye." Aligeuza mkono wa kanzu, akaubana kwa pasi. "Hebu nieleze mimi, ambaye si babako. Hulimi. Huuzi. Mwende alime, hutaki."

"Mimi sijasema sitaki alime."

"Hujasema unataka, pia. Hujasema lolote. Basi shamba lile wewe walitakia nini?"

Luqman alifikiri. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda kujibu swali alilotupiwa. "Nataka liwepo," alisema mwishowe. "Nikiwa kazini, katikati ya yale makontena, nikijua liko pale, minazi imesimama, Baba anafagia. Basi. Nataka liwepo tu."

Jalila alimkabidhi kanzu, bado ina moto. "Shamba haliwi picha ya ukutani, mume wangu."

Luqman alikwenda kwa njia mpya ya Dongo Kundu. Juu ya daraja alitazama mikoko chini na maji yaliyotulia, akafanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti ndogo. *Baba, nisamehe. Baba, mimi na jembe.* Dereva wa tuktuk alimwangalia kwenye kioo, akaongeza sauti ya redio.

*

Barazani kwa Kiponda walikaa wanaume kwenye mkeka. Mwanasaumu alikaa kwenye kizingiti cha ndani, na Mwende alipewa kigoda peke yake, upande, mahali pa mtu anayesubiri kuamuliwa.

"Bi Mwende," Kiponda alianza kwa upole, "huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye kuchuma, na watoto wake baada yake. Umefahamu?"

"Nimefahamu sasa. Basi nasema mbele yenu wote, mti ni wa Mzee."

"Wewe wasema. Watoto wako watasema nini?"

"Watoto wangu wako Makueni na nyanya yao. Hawajui hata Likoni ni wapi."

"Na wa yule wa mikanju hawakujua," Mzee Faki alidakia. Wazee wawili watatu walitikisa kichwa, maana nao walikuwa na mikanju yao moyoni.

Mwende alikunja kanga mapajani, akaikunjua. "Kwetu, mtu akikufanyia wema, unampandia mti. Mamangu alimpa mtu maji wakati wa kiangazi, akapandiwa mwembe. Sikujua kama huku ni wizi."

Hakuna aliyesema ni wizi. Hakuna aliyesema si wizi.

Kiponda alikohoa. "Bwana Faki, tuseme Mwende ametoka. Nani atalima? Shamba likikaa, litakuwa msitu, na msitu katikati ya watu una matatizo yake."

"Shamba lina mwenyewe." Mzee Faki alielekeza kidevu upande wa Luqman bila kumtazama.

"Basi na atuambie mwenyewe. Luqman, ikiwa wewe utalima, Mwende atavuna alichopanda, aondoke kwa salama. Ikiwa hutalima, mimi naona abaki, mti ung'olewe, yaishe. Utalima vuli hii?"

Watu wote walimgeukia. Mwanasaumu alimtazama kutoka kizingitini, na macho yake yalikuwa yakimsihi. Alikuwa akimwomba aseme hapana. Luqman aliyaona macho hayo, akayafahamu vizuri.

Kisha akamtazama babake. Mzee Faki alikuwa akiinyoosha kanzu yake juu ya magoti, akiipiga pasi kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. Alikuwa amevaa kofia yake ya Idi. Amekuja kusikia mwanawe akidai shamba mbele ya watu, na alijipamba kwa ajili hiyo.

"Inshallah," Luqman alisema. Aliona halitoshi. "Nitakuja. Vuli hii nitalima."

"Alhamdulillahi," wazee wakaitikia.

Mwanasaumu alijifunika uso kwa ncha ya leso yake.

Jioni Mwende alirudi shambani na kijembe. Mzee Faki hakuwa ameung'oa ule mche. Mkono wake haujawahi kung'oa mnazi ulio hai na hakutaka kuanza uzeeni. Mwende aliuchimbua kwa mzizi wake wote, akautia kwenye karai, akaupeleka chumbani kwake. Mwenye nyumba alimwambia uani hapana nafasi. Ulikaa dirishani wiki chache, ukawa rangi ya chai, akautupa.

*

Mwende alivuna mahindi, akavuna kunde. Siku ya kuondoka alimletea Mwanasaumu ungo umejaa hata unamwagika. Mwanasaumu aliupokea, akaanza kulia.

"Usilie, Mama. Mimi nimezoea kuhama."

"Nani anakulilia wewe? Naililia mboga yangu."

Wakacheka wote wawili, huku wakilia. Mwende alihamia Magogoni, kwa binamu yake.

Vuli ilikuja mapema. Mzee Faki alikuwa amenunua mbegu, na jembe la Luqman lilisimamishwa nyuma ya mlango likiwa limenolewa kwa tupa mpaka linang'aa. Ijumaa ya kwanza Luqman alipiga simu: zamu imebadilishwa, meli zimejaa. Ijumaa ya pili mtoto alikuwa na homa. Ijumaa ya tatu kulikuwa na mazishi ya mwenzake wa kazini. Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchosha Mwanasaumu. Angedanganywa angepata pa kushika.

"Juma lijalo, inshallah," Luqman alimaliza kila mara.

"Juma lijalo," Mzee Faki alimwambia mkewe, akaliinua jembe, akalitazama, akalirudisha.

Mvua ilinyesha ikaisha. Upande wa chini magugu yalipanda juu ya mabua ya zamani, na juu ya magugu ukatambaa upupu. Mzee Faki aliendelea kwenda na ufagio wake. Siku moja alirudi mapema, ngozi imevimba hadi shingoni, akijikuna kwa kuta. Mwanasaumu alimpaka jivu. Baada ya hapo alikuwa akienda hadi ukingoni tu, anasimama na ufagio mkononi, kisha anarudi kunywa chai kwa wakati, kama watu wengine.

Mwanasaumu akaanza kununua mboga kibandani. Mara ya kwanza muuzaji, Rosalia, alimfungia kunde, kisha akasita na fungu mkononi.

"Bi Mwanasaumu, si nyinyi wenye shamba lile kubwa?"

"Ndisi sisi."

"Eh! Na kunde wanunua kwangu?"

"Shamba letu halioti kunde," Mwanasaumu alisema. "Laota heshima."

Wanawake waliokuwa kibandani walicheka, naye akacheka nao. Njiani alilibana fungu chini ya buibui ili lisionekane.

Siku hiyohiyo alimpigia Mwende simu. Alizunguka sana kwa salamu, akauliza binamu, akauliza watoto wa Makueni, hadi Mwende mwenyewe akamsaidia.

"Mama, kuna neno unataka kusema."

"Lau ungerudi, mwanangu. Mzee nitazungumza naye."

Nyuma ya Mwende mafuta yalikuwa yakichemka. "Mama, wewe nakupenda. Lakini pale nilikalishwa kwenye kigoda kama mwizi. Mikono yangu ikigusa udongo ule tena itaogopa. Nitakuwa nalima nikitazama nyuma." Kisha akasema, "Nisamehe," ingawa hakuwa na la kusamehewa.

*

Mwezi wa Disemba msichana mmoja aliyekuwa akitoka kazini jioni alivutwa mkoba na vijana wawili waliochomoka kwenye kichaka cha Mzee Faki. Alianguka, akavunjika mkono. Asubuhi yake Kiponda alikuja, akakataa kiti.

"Bwana Faki, si maneno yangu. Watu wanasema shamba lako limekuwa maficho."

"Limekuwa nini?"

"Maficho. Ya wezi. Lifyekwe, ama chifu atatafuta wa kulifyeka."

Mzee Faki aliwahi kuambiwa mengi maishani, lakini shamba la babake halijawahi kuitwa kwa jina kama hilo. Alifungua mdomo amjibu, kikohozi kikamtangulia. Kiponda alimwekea mkono begani mpaka kikapita.

Luqman alikuja Jumapili na vibarua wawili aliowalipa yeye. Walivaa soksi mikononi kwa ajili ya upupu, wakaingia na mapanga. Mzee Faki alisisitiza kuwepo, kwa hiyo Luqman alimchukulia kiti cha plastiki, akamkalisha ukingoni kivulini, akasimama kando yake katika shati lake jeupe la safari. Mwanasaumu alikuja na birika la chai na vikombe.

Panga lilikuwa likilia kwenye vijiti. Polepole umbo la shamba likaanza kuonekana, mtelemko wake, mtaro wake, matuta ya Mwende yaliyokuwa yamelala chini ya magugu kama watu waliojifunika shuka.

"Wakimaliza wachome," Mzee Faki alisema. Sauti yake ilikuwa na uhai ambao Mwanasaumu hakuusikia kwa miezi. "Majivu yakae, mvua iyakute. Wewe utaanza upande wa juu, udongo wa juu ni mwepesi kwa mtu asiyezoea. Mahindi huku, mihogo kule. Nitakaa hapa hapa kwenye kiti nikuelekeze. Masika, eh, Luqman? Masika yatatukuta tayari."

"Insha—" Luqman alianza.

"Luqman," mamake akasema.

Alilisema jina tu, birika mkononi, bila ukali. Luqman alimwona alivyokonda. Aliona ukingo wa leso yake uliochakaa, na mfuko wa kibandani ulioning'inia kwenye kiwiko chake, na ndani ya mfuko fungu la kunde.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha babake, kwenye udongo, na suruali yake ya safari.

"Baba, sitalima."

"Masika hii kama kazi ni nyingi—"

"Si masika hii, Baba. Wala nikistaafu. Sitalima hapa abadan. Nilisema kwa Bwana Kiponda kwamba nitakuja, na wakati nikisema nilijua sitakuja. Niliogopa kukuvunja mbele za watu. Nimekuwa nikiogopa tangu zamani. Nalipenda shamba hili, wallahi nalipenda, lakini silitaki, na Mwende ameondoka kwa sababu yangu."

Vibarua walikuwa wameacha kukata. Mmoja alijifanya ananoa panga.

Mzee Faki aliitazama ile ardhi iliyofyekwa nusu. Alitazama muda mrefu hata Mwanasaumu akaweka birika chini, akijiandaa kumshika. Kisha akamwekea mwanawe mkono kichwani, kama alivyokuwa akimwekea alipokuwa mdogo akitoka chuo cha Kurani.

"Nalijua," alisema. "Siku zote nalijua, mwanangu. Nalikuwa nikikuomba usinambie."